Sesbania, mti mdogo wa kinamasi: kutoka mbegu mpaka fimbo ya maharagi

Kila mwaka, msimu A unapoanza katika mwezi wa tisa, wamama walimaji wa Kabare, Walungu na Kalehe wanatafuta vitu viwili: mbegu ya maharagi na fimbo za kuyapandishia. Mbegu inapatikana sokoni. Fimbo ndiyo kazi. Maharagi yanayopanda juu yanazaa kuliko yale mafupi, lakini bila fimbo yanalala chini na kuoza kwa mvua. Mwenye franga ananunua fimbo. Asiye nazo anapanda mlimani na panga, na wale wanaoishi pembeni ya Parki ya Kahuzi-Biega wanajua hatari ya kwenda kukata fimbo mule.

Lakini iko mti mdogo unaoota wenyewe bondeni, kando ya mito na mifereji ya vinamasi, unaoweza kutoa sehemu ya fimbo hizo karibu na nyumba. Jina lake la kitaalamu ni Sesbania sesban. Maagronomu wanauita sesbania tu, na jirani zetu wanaosema Kinyarwanda wanauita umunyegenyege. Mbegu yake hainunuliwi kama mtu anajua wakati wa kuichuma. Shida ni kwamba wengi waliojaribu kuupanda waliona mbegu hazioti, ao ziliota na mti ukakufa kisha kukatwa mara mbili. Makosa hayo yote yana sababu, na yote yanaweza kuepukwa.

Namna ya kuutambua

Sesbania ni ya jamii moja na maharagi na karanga. Kwa udongo mzuri wenye maji inaweza kufikia mita 4 ao 5 ndani ya mwaka mmoja. Shina lake ni laini, si gumu kama la mkalitusi. Kila jani limegawanyika kuwa majani madogo madogo mengi, yamepangwa mawili mawili kama manyoya ya ndege. Ua ni la manjano, mara nyingi lina madoadoa ya kahawia ao zambarau upande wa nje. Kisha ua kunakuja ganda jembamba na refu linaloning'inia, linaloweza kupita sentimita 20, na ndani mbegu ndogo zimepangwa moja moja.

Asichanganye na mti mwingine wa maji wenye maua makubwa ya manjano na miiba, ule ambao wavuvi wa maziwa ya Afrika wanatumia kwa vyelezo kwa sababu ni mwepesi sana. Huo ni Aeschynomene. Asichanganye pia na leukena na kaliandra, ambazo miradi mingi ilileta Kivu kwa kulisha mifugo. Hizo mbili asili yao ni Marekani ya Kati. Sesbania ni mwenyeji wa Afrika.

Inaota tangu nchi za chini, kama bonde la Ruzizi, mpaka milima ya kadiri ya mita 2,000 na zaidi kidogo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460, kwa hiyo kandokando yake yote mti huu uko kwake. Pale juu kabisa, fasi ya baridi kali, haufai.

Unasaidia nini, na hausaidii nini

Faida ya kwanza iko chini ya udongo. Kwenye mizizi ya sesbania kunakaa vijidudu vinavyochukua azote ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ndiyo maana majani yake yakizikwa shambani yanaoza haraka, ndani ya wiki chache, na kulisha mazao yanayofuata. Mashariki mwa Zambia na magharibi mwa Kenya, tangu miaka ya 1980 na 1990, watafiti pamoja na wakulima walipanda sesbania kwenye mashamba yaliyochoka, wakaiacha kati ya msimu mmoja na miaka miwili, wakaikata na kupanda mahindi. Mavuno yalipanda bila mbolea ya dukani.

Faida ya pili ni kwamba haiogopi maji. Miti mingi ikisimama kwenye maji mizizi yake inakosa hewa na kuoza. Sesbania iliyokwisha kushika inatoa mizizi mipya karibu na uso wa maji, na shina lake linafanya nyama laini kama sponji inayopitisha hewa. Kwa hiyo inafaa kwenye ukingo wa mfereji na kwenye shamba la kinamasi linalofunikwa na maji kwa siku kadhaa.

Faida ya tatu ni fimbo na kuni ndogo, na ya ine ni majani ya mbuzi na ngombe.

Lakini ukweli usemwe. Mwezi wa ine 2020 maji yalibomoa sehemu za Uvira. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, maji na mawe vilishuka mlimani na watu zaidi ya 400 wakakufa. Hakuna mti mdogo wa bondeni unaozuia mambo ya namna hiyo. Kinga yake iko mlimani juu, na katika kujua fasi gani nyumba haipashwi kujengwa. Sesbania inashika ukingo wa mfereji, wa kijito kidogo na wa kilimo cha ngazi. Anayemwambia mlimaji kwamba itamkinga na mto mkubwa anamdanganya.

Kuchuma mbegu kwa wakati

Mti unaanza kutoa maua katika mwaka wake wa kwanza. Maganda hayakauki yote siku moja. Yale ya chini yanaweza kuwa yamekauka wakati yale ya juu yangali mabichi. Ganda likikauka kabisa linapasuka na kumwaga mbegu chini. Kwa hiyo anayengoja mti mzima ukauke anakuta maganda matupu.

Wakati mzuri ni pale ganda limeacha rangi ya majani na kuwa kahawia, lakini halijapasuka. Mtu anapita kila siku tatu ao ine, anachuma yaliyo tayari na kuacha mengine. Achume kwenye miti mingi, angalau kumi, si kwenye mmoja tu. Na achague ile iliyonyooka, isiyo na ugonjwa, kwa sababu mtoto anafuata wazazi. Kama anataka fimbo, asichukue mbegu kwenye mti uliopinda.

Maganda yanaanikwa juu ya shuka ao hema, kwenye kivuli chenye upepo, kisha yanapigwa polepole na fimbo. Mbegu zinapepetwa. Ziangaliwe moja moja: yenye tundu imekwisha kuliwa na mdudu ndani. Nzuri ni nzito, inang'aa, ina rangi ya kahawia ao kijani cheusi. Kilo moja inaweza kuwa na mbegu zaidi ya 50,000, kwa hiyo familia moja haihitaji hata kikombe kizima.

Zihifadhiwe kavu kabisa ndani ya chupa inayofungwa vizuri, pamoja na majivu makavu kidogo, fasi isiyo na joto. Juu ya chupa iandikwe mwezi na mwaka.

Kuamsha mbegu

Hapa njo wengi wanashindwa. Mbegu ya sesbania ina ngozi ngumu isiyopitisha maji. Kinamasi kinaelewa hilo: ngozi inasaidia mbegu ingoje chini ya udongo mpaka wakati mzuri. Lakini mlimaji hana nafasi ya kungoja. Mbegu zikipandwa kavu, chache zinaota wiki ya kwanza, zingine mwezi unaofuata, zingine haziamki kabisa, na pepinieri inakuwa na miche ya kila urefu.

Njia rahisi ni maji ya moto. Maji yanachemshwa, yanaondolewa motoni, yanaachwa dakika chache mpaka yaache kububujika. Mbegu zinawekwa kwenye chombo, maji yanamwagwa juu yake, na zinaachwa humo mpaka yapoe, kisha usiku mzima. Asizichemshe juu ya moto. Kuchemsha kunaua mbegu.

Asubuhi, zile zilizovimba ziko tayari na zinapashwa kupandwa siku ileile. Zile zilizobaki ndogo na ngumu zinatengwa na kurudishiwa maji ya moto mara ya pili. Asiye na kuni anaweza kuzisugua kati ya mawe mawili pamoja na mchanga mkali, polepole, mpaka mng'ao wa ngozi upotee bila kuvunja mbegu, kisha kuziloweka kwenye maji baridi usiku kucha.

Kabla ya kupanda zote, afanye jaribio. Achukue mbegu 100 zilizoamshwa, azifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, azitunze zisikauke. Kisha wiki moja ahesabu zilizoota. Kama ni 70, anajua. Kama ni 20, anajua pia, na anaongeza mbegu ao anatafuta zingine, badala ya kupoteza msimu.

Pepinieri

Miche inahitaji wiki 6 mpaka 8 kabla ya kuhamishwa. Mwenye kutaka kupanda na mvua za mwisho wa mwezi wa tisa anapashwa kumwaga mbegu mwisho wa mwezi wa saba ao mwanzo wa mwezi wa nane. Ni wakati wa kiangazi, kwa hiyo pepinieri ikae karibu na maji. Mashamba ya msimu C bondeni yanafaa kwa sababu watu wako pale kila siku na bidoni zao.

Sashe si lazima. Huko Zambia wakulima wengi walipanda kwenye kitanda cha udongo tu, wakang'oa miche na mizizi wazi, wakapunguza gharama. Kitanda kinakuwa na upana wa mita moja ili mtu afikie katikati bila kukanyaga. Kinainuliwa sentimita 15 ili maji yasitulie. Udongo unalainishwa na kuchanganywa na mboji iliyooza vizuri, na mchanga kidogo kama ni mzito. Mistari inaachana sentimita 10 mpaka 15. Mbegu inafunikwa na udongo wa sentimita moja, si zaidi. Juu yanatandazwa majani makavu, ambayo yanaondolewa mara tu miche inapotokea, kadiri ya siku 4 mpaka 7.

Mti huu unapenda maji, lakini mche mchanga ukizama unakufa. Unyweshwe asubuhi na jioni, udongo ubaki na unyevu bila kuwa tope. Kivuli kiwe kidogo na kiondolewe kisha wiki mbili, maana sesbania ni mti wa jua. Miche iliyosongamana ipunguzwe.

Onyo moja kubwa: pepinieri isiwekwe fasi palipokuwa nyanya, bilinganya ao tumbaku. Udongo huo mara nyingi una vijinyoo visivyoonekana kwa macho vinavyoingia kwenye mizizi, na sesbania ni moja ya mimea vinavyoipenda sana. Namna ya kutambua ni kung'oa mche na kuosha mizizi. Vinundu vizuri, vile vya azote, vimebandikwa pembeni ya mzizi. Vinatoka kwa kidole kwa urahisi, na kimoja kikipasuliwa ndani kinaonekana chekundu ao waridi. Vinundu vya ugonjwa ni mzizi wenyewe uliovimba na kupinda. Havitoki bila kuvunja mzizi. Mche wa namna hiyo uchomwe, usipelekwe shambani. Na kwa sababu hiyohiyo, nyanya zisifuate pale sesbania ilipokuwa.

Kuupeleka shambani

Mche uko tayari ukifika sentimita 20 mpaka 30. Siku ya kuhamisha, kitanda kinanyweshwa sana alfajiri, miche inang'olewa kwa jembe, si kwa kuvutwa, na mizizi inachovywa kwenye uji wa udongo mzito. Inafunikwa na majani ya mgomba na kupandwa siku ileile, bora siku ya mawingu.

Kwenye ukingo wa mfereji ao mstari wa kilimo cha ngazi, miche inaachana nusu mita. Kwenye shamba linalopumzishwa, mita moja kwa mita moja. Kandokando ya maji, mstari wa kwanza uwe juu kidogo ya fasi maji yanapofika kwa mvua za kawaida. Ndani ya mfereji mwembamba usipandwe, utaziba njia ya maji na jirani wa juu atafurikwa.

Miezi miwili ya kwanza magugu yaondolewe na mbuzi wazuiwe. Mbuzi mmoja kwa asubuhi moja anamaliza mstari mzima.

Kukata bila kuua

Kosa la pili linalofanyika sana ni kuikata kama kaliandra, chini kabisa. Kaliandra inarudi. Sesbania mara nyingi hairudi. Ikatwe kwenye urefu wa sentimita 50 mpaka 75 ao zaidi, na kila mara matawi machache yenye majani yaachwe. Mkato wa kwanza ungoje mpaka mti upite urefu wa mtu. Kisha hapo mara tatu ao ine kwa mwaka inatosha.

Majani yapewe mbuzi, kondoo na ngombe pamoja na nyasi, yasizidi theluthi ya chakula chao. Kuku wasipewe. Majani haya yanaweza kuua vifaranga.

Adui mwingine ni mdudu mdogo anayeitwa kitaalamu Mesoplatys, ambaye watoto wake wanakula majani mpaka kubaki vijiti. Aliharibu mashamba mengi ya sesbania kusini mwa Afrika. Kwenye pepinieri dawa ya kwanza ni macho: kupita kila asubuhi, kugeuza majani, kuponda mayai na wadudu kwa mkono. Kupanda sesbania pamoja na miti mingine, si peke yake shamba zima, kunapunguza hasara.

Hesabu ya fimbo

Shamba la maharagi la mita 20 kwa 20, fimbo moja kila nusu mita, linataka fimbo 1,600. Pembeni ya shamba hilo kuna mita 80. Sesbania ikipandwa kila nusu mita inakuwa miti 160. Tuseme kila mmoja unatoa fimbo 4 zilizonyooka: ni 640. Haimalizi shida. Lakini ni fimbo 640 ambazo hazikununuliwa wala hazikutoka msituni, na shamba lenyewe limepata majani ya kurutubisha. Fimbo zikaushwe vizuri na upande wa chini upitishwe motoni kidogo kabla ya kuchomekwa, maana mti huu ni mwepesi na unaoza mapema.

Shamba ni la nani?

Kuna swali ambalo hakuna pepinieri inayolijibu. Katika Bushi, anayelima kwa kalinzi ana haki ya kudumu juu ya udongo, lakini anayelima kwa bwasa amekodi kwa muda mfupi, na kwa desturi haruhusiwi kupanda mti wala mgomba. Mwenye shamba anaogopa kwamba anayepanda mti kesho atasema udongo ni wake. Wamama wengi wanaolima vinamasi wako katika hali hiyo. Wako pia waliopanda miti, kisha wakafukuzwa kabla ya kuvuna.

Kwa hiyo mazungumzo yatangulie jembe. Sesbania ina hoja nzuri kwa mazungumzo hayo: haiishi sana. Mara nyingi miaka 3 mpaka 5 inakuwa imechoka, haisimami kwa kizazi kama mkalitusi. Mlimaji anaweza kukubaliana na mwenye shamba, mbele ya mashahidi ao kwa karatasi yenye sahihi ya mkubwa wa kijiji, kwamba mti hauleti haki juu ya udongo, kwamba fimbo ni za nani na majani ni ya nani, na kwamba akiondolewa ataarifiwa kabla ya msimu. Asiyekubaliwa anaweza kuanza pembeni ya nyumba yake.

Sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002, katika kifungu cha 48, inakataza kufyeka miti kwenye mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Wachache wanaifuata. Lakini inampa mlimaji neno la kusema mbele ya anayeona miti ya ukingoni kuwa takataka.

Maisha mafupi ya sesbania yana maana nyingine. Haipandwi mara moja na kusahauliwa. Kila mwaka miti miwili ao mitatu bora iachwe bila kukatwa, ikomaze maganda, na mbegu mpya iingie kwenye chupa. Miradi inakuja na miche yake na kuondoka nayo. Nyumba yenye chupa moja ya mbegu kavu, na mtu anayejua maji ya moto kiasi gani, haingoji mradi.